Korti Isimpokee Mtu Aliyeibiwa

Wako watu katika visiwa vyetu hivi, na baadhi yao ni watu wenye elimu zao na heshima zao, wasemao ya kwamba mtu aliyetuhumiwa kwa jinai kubwa hana haki ya kuuliza amefikaje mbele ya hakimu. Kwao wao, maadamu mtu yupo kizimbani, na mashahidi wapo, na jaji amekaa kitini pake, basi mengine yote ni maneno ya mawakili wanaotafuta ujira wao. Aliletwa kwa hati au aliletwa ndani ya gunia, alipitishwa mlangoni au alitupwa ndani kwa dirishani, hayo hawayajali. Maneno haya husemwa barazani, husemwa vyomboni, na siku hizi husemwa hata na watu waliosomea sheria. Nasi twasema kuwa maneno haya ni ya khatari, na khatari yake haiwaangukii wahalifu peke yao.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Dola moja inapomtaka mtu aliyeko katika nchi ya dola nyingine, sheria za mataifa zimeweka njia. Mwenye kutaka huandika ombi lake, akaeleza kosa ni lipi na ushahidi ni upi. Nchi inayoombwa humpeleka mtu huyo mbele ya hakimu wake, naye husikilizwa, huwa na wakili, na akishindwa huweza kukata rufaa. Kosa likiwa ni la siasa, hukataliwa. Mwisho wa yote ndipo waziri akatia saini na mtu akakabidhiwa. Hiyo ndiyo njia ya kumrejesha mshtakiwa, nayo ni ndefu kwa makusudi.

Sasa dola huweza kuikhini njia hii kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuiruka kabisa: mtu akanyakuliwa njiani, akatiwa katika ndege, na kesho yake akaonekana kizimbani nchi ya mbali. Namna ya pili ni ya werevu zaidi. Njia hufuatwa, makaratasi hupelekwa, illa ndani yake mna hadaa: ushahidi unaomfaa mtuhumiwa umefichwa, au ombi limetolewa kwa kisasi, au shabaha yake si ile iliyoandikwa. Katika namna zote mbili mtuhumiwa husimama akamwambia hakimu, "Bwana, sikuombi uniambie mimi ni mwema. Nakuomba uangalie mikono ya walionileta." Hoja hii ndiyo waitayo wanasheria matumizi mabaya ya taratibu za korti, na ndiyo wenzetu wa barazani wanaoidharau.

Wasiidharau. Hoja hii si ya Wazungu, wala haikuanzia London. Kila mtoto aliyekaa chuoni kwa mwalimu akasomeshwa Sira anaijua kesi moja ya namna hii, ijapokuwa hakufundishwa kuiita kesi. Karibu na mwaka 615 wa Masihi, Waislamu wachache walikimbia mateso ya Makka wakavuka bahari hadi Uhabeshi. Makureshi wakawatuma nyuma yao wajumbe 2, Amr bin al-As na Abdalla bin Abi Rabia, wakamtake Najashi awarejeshe. Wajumbe hawa hawakwenda mikono mitupu. Walichukua ngozi nzuri za Makka, nazo hazikuwa za mfalme peke yake. Kabla hawajasema naye neno, walipita kwa wakuu wake mmoja mmoja, kila mmoja wakampa tunu yake, na ombi lao kwa wakuu hao lilikuwa moja: tutakaposema na mfalme, mpeni shauri awatoe watu hawa bila ya kusema nao.

Angalieni maneno haya ya mwisho. Makureshi hawakukhofu kuwa Najashi atakuwa dhalimu. Walikhofu kuwa atasikiliza. Na wakuu wale walifanya kama walivyolipwa, wakamwambia bwana wao kuwa watu wa Makka ndio wawajuao zaidi watu wao, basi awape. Najashi akaghadhibika. Akakataa kuwatoa watu waliochagua kukaa katika himaya yake mpaka awaite na awaulize. Wakaitwa, Jaafar bin Abi Talib akasema kwa niaba yao, mfalme akasikia, akahukumu kuwa hawatolewi, na zile zawadi akaamrisha zirudishwe kwa wenyewe. Humo mna kila kitu tunachokitaka leo: ombi, rushwa ya kuipotoa njia, hakimu aliyeing'amua, na mtuhumiwa aliyepewa nafasi ya kusema.

Naye mtu asije akaniambia kuwa nasomesha watu kukataa kila ombi. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, lilikuwamo sharti katika mkataba kuwa atakayewakimbilia Waislamu kutoka kwa Makureshi bila ya idhini ya walii wake arejeshwe. Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal akiburura minyororo yake, na babake Suhayl bin Amr ndiye aliyekuwa akiandikiana mkataba kwa upande wa Makureshi. Akarejeshwa, na Waislamu walilia. Mkataba huo uliandikwa hadharani, pande zote mbili ziliujua, na ulitekelezwa mchana mbele ya watu. Kwa hiyo dini haikukataza kumrejesha mtu kwa mkataba ulio wazi. Wizi ni jambo jingine.

Turudi kwa watu wa zama zetu. Waingereza, waliotutawala na kutufundisha kuvaa mawigi kortini, walichukua muda mrefu kulifahamu jambo hili, wakalifahamu barabara mwaka 1993. Alikuwapo mtu wa New Zealand aitwaye Bennett, aliyetakiwa Uingereza kwa tuhuma ya kupata helikopta kwa ulaghai. Polisi wa Uingereza waligundua yuko Afrika ya Kusini. Wakati ule baina ya nchi hizo hapakuwa na mkataba wa kurejeshana watu, nao wakaona taabu kutafuta njia nyingine ya sheria. Bennett alidai kuwa alitiwa katika ndege kwa jina la kufukuzwa kwenda kwao New Zealand kwa njia ya Taipei; alipofika Taipei akarudishwa Johannesburg, na kutoka huko akapelekwa Heathrow, na polisi wa Uingereza wakamkuta hapo tayari. Polisi walikanusha. Majaji wa Baraza la Malodi hawakuamua nani mkweli. Waliulizwa ikiwa hayo ni kweli, jee, korti ina uwezo wa kuyachungua na kuikataa kesi? Malodi 4 kati ya 5 wakasema ina uwezo huo, wala si lazima mtuhumiwa aonyeshe kuwa hatapata kesi ya insafu. Yatosha kuwa polisi au waendesha mashtaka walishiriki katika kuivunja sheria ili kumleta. Korti isifumbe macho ikawa mpokeaji wa kazi ya watu waliokiuka sheria za kwao na za nchi nyingine.

Sisi wenye maduka twaifahamu hukumu hiyo bila ya kufafanuliwa. Akija mtu dukani usiku na gunia la karafuu analitaka kuliuza nusu ya bei, na wewe unajua hana shamba, ukinunua huwezi kesho kusema mwizi ni yeye peke yake. Hata kama karafuu ni kavu na safi na mizani yako ni ya haki, umenunua mali ya wizi. Korti inayompokea mtu aliyenyakuliwa, hata ikimhukumu kwa mizani ya haki, imenunua gunia lile.

Na hukumu ya Bennett haikubaki kuwa ya mtu wa helikopta. Mwaka 1999 korti ya rufaa ya Uingereza ilimwachia mtu aitwaye Mullen, aliyekuwa amefungwa tangu 1990 kifungo cha miaka 30 kwa kuwasaidia IRA katika mipango ya mabomu. Yeye mwenyewe hakudai kuwa kesi yake iliendeshwa vibaya. Iligunduliwa kuwa mwaka 1989 wapelelezi wa Uingereza walipanga na wakuu wa Zimbabwe afukuzwe kutoka Harare haraka, asipate kusema na wakili, ili njia ya kumrejesha kwa mkataba isifuatwe. Majaji waliandika wazi kuwa kosa lake lilikuwa kubwa, kisha wakaitengua hukumu. Baadaye alipodai fidia akanyimwa, mwaka 2004. Nami siwalaumu kwa kumnyima. Kukataa kununua mali ya wizi si lazima kumlipe na mwizi.

Kwa upande wa ile namna ya pili, ya hadaa ndani ya makaratasi, iko khabari ya Mnaijeria Buruji Kashamu, aliyekamatwa London na kutakiwa na Marekani kwa tuhuma za biashara ya dawa za kulevya. Hakimu alikubali atolewe; korti ya juu ikaitengua amri hiyo mwaka 2000, kwa kuwa wenye kumtaka walikuwa wameficha ushahidi uliokuwa ukidhoofisha madai yao kuwa mtu wanayemtafuta ni yeye. Mwaka 2003 aliachiwa akarudi kwao, na mwaka 2015 akaingia katika Baraza la Seneti la Nigeria. Wapo wasemao alistahili, wapo wasemao hakustahili. Hayo ni ya Wanaijeria. Linalotuhusu ni kuwa kutokana na mashauri ya namna hii korti ya Uingereza iliweka utaratibu mwaka 2006 katika shauri la watu wa hoteli waitwao Tollman. Jaji Mkuu Phillips alisema: mtuhumiwa asipige kelele tu kuwa ameonewa, aeleze waziwazi ni kitendo gani. Hakimu aangalie, kitendo hicho kikiwa kweli, jee, ni khiyana kwa korti? Kisha aangalie kama ipo sababu ya maana ya kuamini kuwa huenda kimetendeka. Ikiwapo, mzigo wahamia kwa dola inayomtaka: hakimu asimtoe mtu mpaka aridhike kuwa khiyana haikutendeka. Nautaja utaratibu huu kwa urefu kwa sababu wapinzani wetu hudai kuwa tukiruhusu hoja hii kila mwizi wa kuku ataitumia. Hataweza. Mlango una ngazi, na kila ngazi ina mlinzi.

Wamarekani wao wameshika njia nyingine, tangu mwaka 1886 katika kesi iitwayo Ker: mtu akishafika kizimbani hawaulizi amefikaje. Mwaka 1990 walimnyakua daktari wa Meksiko, Álvarez Machaín, kutoka Guadalajara, wakimtuhumu kushiriki katika mateso na mauaji ya kachero wao. Mkataba wa kurejeshana watu baina ya nchi 2 hizo ulikuwapo. Mahakama Kuu yao ikasema mwaka 1992, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kuwa mkataba haukusema waziwazi kwamba kunyakua ni marufuku! Kwa hoja hiyo, nami nikiandikiana na mwenzangu mkataba wa kuuziana mchele, naweza kumwibia ghalani usiku kwani mkataba haukutaja wizi. Daktari huyo akapelekwa mbele ya jaji, na kabla mwaka ule haujesha jaji akamwachia huru, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mtu aliibiwa nchini mwake, mataifa 2 yakagombana, na mwisho kesi yenyewe haikusimama. Lau ushahidi huo ungepelekwa kwanza mbele ya hakimu wa Meksiko, upungufu wake ungejulikana mapema.

Hapa huwa natajiwa Eichmann, aliyenyakuliwa Argentina mwaka 1960. Najua. Nao wanaomtaja wasome na azimio la Baraza la Usalama la Juni 1960, lililoitaka Israel iilipe Argentina haki yake kwa kuvunjiwa mamlaka.

Lakini khabari inayotugusa sisi zaidi ni ya Mzanzibari. Tarehe 7 Agosti 1998 yaliripuka mabomu katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11, na wengi mno kati yao walikuwa ni watu wetu wa Afrika ya Mashariki, watu waliokuwa wakipita njia kwenda kutafuta riziki zao. Asiyeona ubaya wa kitendo kile hana haja ya kuendelea kusoma makala haya. Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa visiwa hivi, alituhumiwa kushiriki katika bomu la Dar es Salaam. Alikimbilia Cape Town kwa pasi yenye jina la mtu mwingine, akaomba hifadhi, akawa anafanya kazi katika duka la chakula. Tarehe 5 Oktoba 1999 alipokwenda katika ofisi ya uhamiaji akakamatwa, akahojiwa na makachero wa FBI, na kesho yake alikuwa katika ndege kwenda New York.

Afrika ya Kusini ilikuwa imekwisha kuiondoa adhabu ya kifo kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 1995. Marekani ilikuwa nayo, na ilikusudia kuitumia. Mwenzake katika mashtaka hayo, aliyekamatwa Ujerumani, hakutolewa mpaka Marekani ilipotoa ahadi kuwa hatauawa. Kwa hiyo ahadi ilipatikana ilipotakwa. Cape Town hakuna aliyeitaka. Serikali ya Afrika ya Kusini ilipopelekwa kortini ilijitetea kuwa haikumrejesha mtu kwa mkataba, bali ilimfukuza mgeni aliyeingia kwa uwongo, na kumfukuza mgeni hakuhitaji ahadi ya mtu. Ikaongeza kuwa mwenyewe aliridhia kwenda.

Mahakama ya Katiba iliyajibu hayo tarehe 28 Mei 2001, majaji wote kwa sauti moja. Walisema jina si kitu: uite kurejesha, uite kufukuza, mtu aliyetiwa mikononi mwa watakaomuua amekabidhiwa kwa mauti, na Katiba yao haikubali. Walisema hata sheria yao ya wageni haikuruhusu kumpeleka Marekani, kwani yeye si raia wa huko wala hakutokea huko. Na juu ya ridhaa wakauliza: aliridhiaje mtu ambaye hakuambiwa kuwa anayo haki ya kudai ahadi ile, wala hakuachwa aonane na wakili? Mtu asiyejua anachokiacha hawezi kusemwa amekiacha. Kisha wakaamrisha hukumu yao ipelekwe kwa haraka katika korti ya New York. Kesho yake, tarehe 29 Mei, baraza la wazee wa korti la New York lilimwona ana hatia. Ulipofika wakati wa kuamua juu ya maisha yake, Julai ile, wazee hao hawakuafikiana juu ya kifo, naye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sasa waulizeni wenzetu wa barazani: hukumu ile ya Mei iliwaachia magaidi? Haikumwachia mtu. Mshtakiwa alihukumiwa, waliofiwa walisikia ushahidi, na gereza limemkalia. Ilichofanya ni kuiambia serikali iliyochaguliwa na wananchi wenyewe, serikali ya watu waliotoka jela za makaburu, kuwa nanyi hamkuruhusiwa. Hicho ndicho kinachonipendeza katika hukumu ile. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja dawa hii. Mwaka 1986 askari wa makaburu walimnyakua Ebrahim Ismail Ebrahim, mtu wa ANC, kutoka Swaziland, akafungwa miaka 20 kwa uhaini. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa, ya majaji wale wale wa zama za ubaguzi, iliifuta hukumu hiyo ikasema kuwa dola inayoshtaki sharti ije kortini na mikono safi. Ikiwa jaji wa makaburu aliweza kuyasema hayo, jaji wetu ana udhuru gani?

Maana kwetu Afrika ya Mashariki mambo haya yamekuwa kama biashara ya magendo. Mwaka 1983 Tanzania na Kenya zilibadilishana watu waliotuhumiwa kutaka kupindua serikali za upande wa pili, na katika waliorudishwa Kenya alikuwamo Hezekiah Ochuka, akanyongwa mwaka 1987. Februari 1999 Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi, alitoka katika nyumba ya balozi wa Ugiriki mjini Nairobi akidhani anapelekwa uwanja wa ndege kwenda nchi nyingine, akajikuta mikononi mwa Waturuki. Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2005, ilisema kesi aliyofanyiwa Uturuki haikuwa ya insafu. Lakini juu ya kukamatwa kwenyewe haikuona kosa, kwa kuwa haikuthibiti mbele yake kuwa mamlaka ya Kenya yalivunjwa. Someni tena sababu hiyo. Kwa kuwa Kenya haikulalamika, mtu akakosa haki yake. Basi himaya ya mtu imekuwa ni mali ya serikali, ikitaka huitoa sadaka.

Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70, Wakenya kadhaa walichukuliwa wakapelekwa Uganda bila ya kufikishwa mbele ya hakimu wa kwao. Sheria ya kurejeshana watu baina ya Kenya na jirani zake ilikuwapo, imeandikwa, na njia yake ni nyepesi kuliko ya nchi za mbali. Haikutumiwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule jaji wa Nairobi alisema katika shauri la mmoja wao kuwa kuchukuliwa huko kulikuwa kinyume cha sheria; lakini mtu alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Washtakiwa walipoipeleka hoja yao katika Mahakama ya Katiba ya Uganda, ikakataliwa. Na Novemba 2024 Dokta Kizza Besigye alitoweka Nairobi, alikokwenda kwa shughuli zake, na baada ya siku chache akatokea mbele ya korti ya kijeshi mjini Kampala. Yeye si mtu wa mabomu, ni mtu wa kura. Hivyo ndivyo mambo yaendavyo: dirisha lililovunjwa kwa ajili ya gaidi halijengwi tena, na mwaka wa pili hupitishwa mpinzani.

Nasi Wazanzibari je? Kwetu jambo hili lina uchungu wa peke yake, kwani mtu wa kwetu huvushwa maji bila ya kuambiwa kuwa amevuka mpaka. Mwaka 1969 Abdalla Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar katika 1964, na Othman Sharif, waliokuwa Bara, walikabidhiwa kwa serikali ya visiwani. Hapakuwa na ombi mbele ya hakimu, wala ushahidi, wala wakili. Waliuawa bila ya korti yoyote kuwasikia. Aliyewatoa alikuwa Rais Nyerere, mtu ambaye ulimwengu unamtaja kwa wema, na sisi hatuna haja ya kuukanusha wema wake wa mahali pengine. Twasema tu kuwa pale hakusikiliza. Yeye mwenyewe, inaonekana, alijifunza. Kwani baada ya kuuawa Mzee Karume mwaka 1972, Abdulrahman Babu na wenzake walipotakiwa Unguja hakuwatoa. Babu alihukumiwa kifo Unguja mwaka 1974 hali ya kuwa hayupo, akabaki kizuizini Bara hadi 1978, bila ya kushtakiwa huko. Maisha yake yalisalimika. Lakini angalieni yalisalimika kwa nini: kwa khiari ya mtu mmoja. Hanga alikufa kwa khiari ya mtu mmoja na Babu akapona kwa khiari ya mtu yule yule, na katika yote mawili hakuna hakimu aliyeulizwa.

Na msiseme hayo ni ya zamani. Masheikh wa Uamsho walikamatwa kisiwani, wakavushwa, wakashtakiwa Dar es Salaam, wakakaa rumande miaka hata Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa. Mawakili wao waliuliza, na sisi twauliza, ni sheria gani iliyomtoa mtu katika nchi yenye Mahakama Kuu yake wenyewe, na Mahakama Kuu hiyo isiulizwe neno? Twajibiwa kuwa hii ni jamhuri moja, hakuna kurejeshana watu ndani ya nyumba moja. Vyema. Lakini Uskochi na Uingereza nazo ni dola moja, na kila moja ina korti zake na zinaheshimiwa. Ikiwa ni nyumba moja, basi kila chumba kina mlango, na mwenye adabu hubisha hodi.

Tunalolitaka linaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Mtu yeyote aliyekamatwa Unguja au Pemba asivushwe bahari, wala asipandishwe ndege, kabla hajafikishwa mbele ya jaji wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, akaelezwa anatakiwa wapi na kwa kosa gani, naye akawa na wakili wake na jamaa zake wakajulishwa. Jaji huyo awe na uwezo wa kuuliza maswali yale ya Jaji Phillips, na akiona sababu ya maana ya kushuku khiyana, anayemtaka mtu ndiye aitoe shaka hiyo. Na mtu akiwa amevushwa kwa dirishani, korti ya huko impatiapo khabari hiyo isiendelee na kesi mpaka imerudishwa njiani. Wawakilishi wa chama chochote waweza kuliuliza jambo hili Barazani katika kikao kijacho, na waanze kwa suali jepesi: tangu 2012 ni Wazanzibari wangapi waliovushwa, kwa hati ya nani, na wangapi kati yao walipelekwa kwanza mbele ya jaji wa hapa? Majina na tarehe tunataka, si hotuba.